Hukumu Inayoanzia Nyumbani mwa Mungu: Wakristo wa Buhaya na Maonyo ya Maandiko katika Miaka ya Misiba

Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja ni desturi kuwakumbuka wainjilisti wa kwanza, kuhesabu waliobatizwa, na kueleza jinsi kanisa la miti na nyasi lilivyogeuka kuwa kanisa la matofali. Hayo yameelezwa katika sura nyingine za kitabu hiki. Sura hii inahusu jambo lisilo na jiwe la msingi wala picha ya ukumbusho, nalo ni namna wazee wetu, na sisi baada yao, tulivyoyapokea maonyo ya hukumu ya Mungu yaliyomo katika Biblia.

Kila kizazi cha Wakristo wa Buhaya kimekutana na msiba wake. Wengine walikutana na maradhi, wengine vita, wengine UKIMWI, wengine kuzama kwa meli, wengine tetemeko la ardhi. Na karibu katika kila msiba alitokea mtu, mara nyingine mimbarani na mara nyingine penye matanga, akasema kwamba hiyo ni hukumu ya Mungu. Hatuandiki hapa ili kukana kwamba Mungu huhukumu. Kanisa linalokiri kila Jumapili kwamba Kristo atakuja kuwahukumu walio hai na wafu haliwezi kukana jambo hilo. Tunaandika ili kuuliza: je, sisi tuliosikia neno hilo, tulifanya nini baada ya kulisikia?

Historia yetu inatuonyesha majibu matatu. La kwanza ni kunyosha kidole na kumtafuta mwenye dhambi. La pili ni kuhesabu siku na kuikimbia dunia. La tatu ni kutubu na kumhudumia jirani. Majibu haya yote yamepata kusikika miongoni mwa watu walioshika Biblia ileile moja.

Swali tulilolirithi

Kabla Injili haijafika, nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria zilikuwa zimekwisha kuonja misiba mikubwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki yote, na huku kwetu, ambako samadi ya ng'ombe ndiyo uhai wa kibanja, kufa kwa ng'ombe kulikuwa ni njaa ya ardhi pia. Mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu wa Kiziba ulikuwa tauni.

Katika misiba ya namna hiyo wazee wetu waliuliza swali moja: nani amesababisha? Walimwendea mpiga ramli ili wamjue aliyevunja mwiko, au aliyeroga, au mzimu uliosahauliwa. Hatupaswi kuwacheka. Swali hilo lilikuwa jitihada ya watu wenye uchungu kutaka kujua maana ya mateso yao. Lakini lilikuwa na hatari yake, kwa kuwa lilipopata jibu, mara nyingi lilimpata mtu mnyonge: mjane, mgeni, au mwanamke asiye na mtoto.

Injili ya Kiprotestanti ililetwa kwanza na Wahaya waliojifunza kusoma Buganda, hata kabla ya wamisionari wa Bethel kuingia Bukoba mwaka 1910 wakitokea Rwanda. Mnamo Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliushambulia mji wa Bukoba, na vita vile vilipokwisha wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa. Kwa miaka kadhaa Wakristo wenyeji ndio walioshika kazi ya kufundisha, kuzika na kuwafariji waliofiwa. Hao ndio wazazi wa kiroho wa kizazi kilichoanzisha usharika wetu. Mikononi walikuwa na Maandiko, na moyoni mwao, kama ilivyo mioyoni mwetu hata leo, lilikuwamo bado lile swali la zamani.

Maandiko yanavyojibu

Swali hilo si la Wahaya peke yao. Wanafunzi wa Yesu waliliuliza walipomwona kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alilikataa swali lenyewe, kisha akamponya mtu yule (Yohana 9). Mahali pengine alipelekewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakitoa dhabihu, naye mwenyewe akaongeza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Aliwaambia waziwazi kwamba waliokufa hawakuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Kisha akawageukia wasikilizaji na kuwataka watubu wao (Luka 13:1–5). Onyo halikufutwa, ila lilielekezwa kwa walio hai badala ya wafu, na kwa anayesikia badala ya anayesemwa.

Manabii nao walisema vivyo hivyo. Amosi aliwaonya watu wa Mungu walioitamani siku ya Bwana wakidhani itakuwa giza kwa wengine na nuru kwao (Amosi 5:18). Petro aliandika kwamba hukumu huanzia katika nyumba ya Mungu (1 Petro 4:17). Ezekieli alitangaza kwamba Mungu hakifurahii kifo cha mwovu, bali aghairi njia yake na kuishi (Ezekieli 33:11). Na Yona, aliyetumwa kuionya Ninawi kwa muda wa siku 40, alikasirika mji ulipotubu ukasamehewa. Alikuwa ameketi nje ya mji, kivulini, akingoja kuona maangamizi. Hapo ndipo Mungu alipomwonya mhubiri mwenyewe.

Sisi Walutheri tumefundishwa katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 kwamba Mungu huwatisha kwa adhabu wanaovunja amri zake, na huwaahidia neema wanaozishika. Kwa hiyo tumwogope, tena tumpende. Tumefundishwa pia kutofautisha Sheria na Injili. Sheria huonyesha dhambi. Injili huinua aliyeangushwa. Anayehubiri hukumu akaishia hapo ameacha kazi nusu, maana Mungu hatishi ili aharibu, bali ili aokoe.

Uamsho: onyo lilipomfikia anayelisikia

Wakati onyo lilipopokelewa vizuri zaidi katika nchi yetu ni wakati wa Uamsho. Moto ule uliwaka kwa ndugu zetu Waanglikana. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana katika kilima cha Namirembe, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Gahini, Rwanda, pakawa kitovu cha toba iliyoenea Uganda, na kufikia mwishoni mwa miaka hiyo vikundi vya walokole vilikuwa vimefika Buhaya. Walihubiri dhambi, hukumu na damu ya Yesu bila kuficha. Watu walilia na kutetemeka makanisani.

Lakini kilio hakikuwa ndio mwisho wa jambo. Alama ya Uamsho iliyowashangaza hata wapagani ilikuwa kurudisha. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyekwepa kodi aliipeleka kwa wakubwa wa serikali. Mume alimwungamia mkewe, mwalimu aliwaungamia wanafunzi wake, na Mwafrika na Mzungu waliombana msamaha, jambo gumu katika siku za ukoloni. Waliita hali hiyo kutembea nuruni. Hawakuuliza nani amesababisha, kwa sababu kila mmoja alikwisha kusema, "Ni mimi."

Mmoja wa waliookoka katika Uamsho huo, mwaka 1947, ni kijana Josiah Kibira. Mwaka 1964 alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa letu la Buhaya, akimpokea Askofu Bengt Sundkler, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo.

Ni haki pia kusema kwamba Uamsho ulikuwa na kivuli chake. Baadhi ya waliookoka walianza kuwapima wengine. Aliyeshuhudia kwa maneno tofauti, au aliyeonekana kwenye rubisi, alihesabiwa kuwa nje. Wachungaji walihukumiwa na washarika wao, na katika miaka ya 1950 palitokea mafarakano yaliyowatoa wengine katika kanisa. Onyo lililokuwa limeanza na "mimi" lilirudi kwa "yule". Njia ya kutoka kwenye toba hadi kiburi ni fupi kuliko tunavyodhani.

UKIMWI: mtihani mgumu kuliko yote

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Nchi ilikuwa haijapona majeraha ya vita vya mwaka 1978 hadi 1979, vilivyoanza majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera. Bidhaa zilikuwa adimu na biashara ya magendo ilikuwa imeshamiri mpakani. Ugonjwa ule ulipewa jina la "Juliana", jina la aina ya nguo zilizovushwa kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa. Wengine, na hao walikuwa wengi makanisani, walisema ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi.

Mwaka 1987 watafiti walikuta kwamba katika Bukoba mjini watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Hakukuwa na ukoo ambao haukuguswa. Katika vibanja, ambamo kwa desturi yetu tunawazika wapendwa wetu, makaburi mapya yaliongezeka kati ya migomba. Babu na bibi walirudi kuwa wazazi wa watoto wadogo.

Hapa lazima tuungame kama kanisa, kwa kuwa kitabu cha shukrani kisicho na maungamo ni nusu ya ukweli. Wengi tulioishi miaka ile tunakumbuka mahubiri ya maziko yaliyosikika kama hukumu ya mahakama. Aliyelala jenezani alifanywa kuwa mfano, huku mjane wake, ambaye huenda hakuwa na kosa lolote ila kuwa mwaminifu kwa mumewe, akisikiliza na watoto wake wamemshika nguo. Wapo waliokwepa kikombe cha Meza ya Bwana kwa sababu ya aliyewatangulia. Wapo wagonjwa waliokufa bila kutembelewa na mzee wa kanisa. Tuliketi kivulini kama Yona.

Je, ilikuwa kosa kusema juu ya uasherati? Hasha. Amri ya Sita haikufutwa, na mwenendo wa watu ulikuwa na sehemu kubwa katika kuenea kwa ugonjwa ule. Kunyamaza kungekuwa kuponya jeraha juujuu, kama Yeremia anavyowashutumu manabii waliosema amani pasipo amani. Kosa lilikuwa kumhubiri aliyekufa badala ya kuwahubiri walio hai. Tena tulichagua dhambi moja tukaziacha nyingine: mume aliyeambukiza na kunyamaza, ndugu walionyang'anya kibanja cha mjane, jamaa waliowatawanya yatima. Hizo nazo zimeandikiwa maonyo, na manabii wamezisema mara nyingi zaidi.

Lakini Mungu hakuliacha kanisa lake bila mashahidi. Wauguzi wa hospitali zetu waliwagusa wagonjwa wakati ambapo hata ndugu waliogopa kuwagusa. Akina mama wa usharika walikwenda kwa zamu wakiwa na uji, maji na sabuni, wakawaogesha wagonjwa na kufua nguo zao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, kwa huduma yake ya HUYAWA, iliwasaidia maelfu ya yatima wapate karo, sare na mahali pa kulala. Hatua kwa hatua ukweli ulianza kusemwa bila kuua tumaini. Maambukizi katika Bukoba mjini yalishuka hadi 18 katika kila 100 mwaka 1993, na 13 mwaka 1996. Hayo yalitokea miaka kadhaa kabla serikali haijaanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi mwaka 2004. Watu walikuwa wamebadili mwenendo. Kwa lugha ya Maandiko, wengi waligeuka na kuiacha njia yao.

Mfano wa Wittenberg

Wakati ule tungalifaidika sana kama tungalikumbuka historia ya kanisa letu wenyewe. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, Ujerumani. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wa Saksonia alimtaka Martin Luther aondoke. Luther alibaki pamoja na mchungaji Bugenhagen, akawahudumia wagonjwa, wengine nyumbani mwake, ingawa mkewe Katharina alikuwa mjamzito.

Mwaka uleule, akiwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza kama ni halali kuikimbia tauni, Luther hakukataa kwamba tauni yaweza kuwa adhabu itokayo kwa Mungu. Lakini alifundisha kwamba adhabu hiyo haimwondolei mtu amri ya kumpenda jirani. Wachungaji, watawala na wote wenye wajibu kwa wengine wasiwaache watu wao, maana katika mgonjwa tunamhudumia Kristo mwenyewe. Wakati huohuo aliwakemea wanaojihatarisha kwa kiburi, akawataka watumie dawa na kujitenga pale inapowabidi. Imani haikuwa kisingizio cha kudharau akili.

Hesabu za siku na moto wa Kanungu

Jibu la kuhesabu siku nalo lilitupitia karibu. Katika Uganda ya kusini magharibi, si mbali na mpaka wetu, kikundi kilichojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu kilifundisha kwamba dunia ingeangamizwa kwa sababu ya kuvunjwa kwa amri, na kwamba mwisho ungefika ukingoni mwa mwaka 1999. Wafuasi waliuza mali zao. Siku ilipita, na manung'uniko yakaanza. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, wakiwamo watoto, waliteketea katika jengo lao la ibada huko Kanungu. Baadaye mamia ya maiti nyingine zilifukuliwa katika nyumba za kikundi hicho. Waliokufa walikuwa watu waliotaka kuokoka hukumu.

Tusiseme kwamba mambo hayo ni ya wengine. Mchungaji wa Kilutheri, Michael Stifel, mwanahisabati hodari na rafiki wa Luther, alizipigia hesabu namba za Biblia akatangaza kwamba Kristo atarudi asubuhi moja ya Oktoba 1533. Watu wa usharika wake wa Lochau waliacha kazi zao na kutumia mali zao. Siku ilipopita Stifel alitiwa kizuizini akaondolewa katika usharika ule. Luther, aliyekuwa amemwonya kabla, alimsaidia asipatwe na adhabu kubwa, na baadaye alipewa usharika mwingine. Bwana alikwisha kusema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Anayehesabu siku huacha kulima, kusomesha watoto na kulipa madeni. Lakini mtumwa mwaminifu wa mfano wa Bwana alikutwa akifanya kazi.

Meli na tetemeko

Misiba miwili mingine inatufundisha tusimsingizie Mungu yaliyo yetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Walisikika waliosema kwamba ni hukumu. Lakini meli ile ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Kusema "ni mapenzi ya Mungu" kungewafaa wale waliouza tiketi kupita uwezo wa chombo. Onyo la kweli lilikuwa katika amri ya Tano, ambayo Katekisimo inaieleza kuwa ni kutomdhuru jirani katika mwili wake, bali kumsaidia.

Alasiri ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka Bukoba kwa kipimo cha 5.9. Zaidi ya watu 15 walifariki, maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka vibaya. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa, na wataalamu wanajua kwamba ardhi hapa hutikisika. Wapo waliouliza tena, nani? Lakini safari hii makanisa mengi yalifanya haraka kilichowezekana: maombi, mahema, chakula, na kuwahesabu wajane na wazee wasiokuwa na wa kuwajengea. Huenda ndilo tunda la mafunzo machungu ya miaka ya UKIMWI.

Hitimisho

Tukiyatazama yote hayo pamoja, tunaona kwamba onyo la hukumu ni kama kengele ya kanisa. Haikutundikwa ili kumtangaza aliyechelewa, bali kutuita sote. Anayelipokea vema huanza nafsini mwake, hutengeneza alichoharibu, kisha hutoka kwenda kwa jirani anayeteseka.

Leo liko jaribu jipya, ambalo wazee wetu hawakulijua sana: kutohubiri hukumu kabisa. Zipo mimbari ambamo dhambi haitajwi, na Injili imegeuzwa kuwa ahadi ya magari na nyumba. Hilo si rehema. Mzazi asiyemwonya mtoto aliye kando ya shimo hampendi. Karne ya pili ya usharika wetu ihubiri hukumu, lakini kwa machozi, na kwanza kwa walioketi viti vya mbele.

Nasi tuanze kwa tendo. Katika vibanja vyetu yamo makaburi ya ndugu waliozikwa kwa maneno makali, na wajane wao wengine wangali hai, wameketi nyuma kanisani. Pamoja na shukrani za miaka mia moja, baraza la wazee liwatembelee hao nyumbani kwao, liwaombe msamaha kwa niaba ya usharika, na pale ambapo kibanja kilinyang'anywa, lisaidie kirudi. Wazee wa Uamsho walirudisha majembe. Sisi tuna deni kubwa zaidi, na Mungu katika uvumilivu wake bado ametupa siku ya kulilipa.